Mwavuli Mmoja au Miwili? Mjadala kuhusu Nguvu ya Kampuni za Simu Arua na Koboko

Nguvu ya soko, kwa maana inayotumiwa na wachumi, ni uwezo wa kampuni kupanga bei na masharti bila ya kuhofia kwamba wateja wake watahamia kwingine. Kampuni haihitaji kuwa peke yake sokoni ili iwe na uwezo huo, kwani inatosha kwamba kuiacha kunagharimu zaidi kuliko kuivumilia. Katika West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, ambako jiji la Arua liko kiasi cha kilomita 500 kutoka Kampala na mji wa Koboko uko karibu na mahali zinapokutana Uganda, Kongo na Sudan Kusini, nguvu hiyo huonekana chini ya mwavuli wa wakala, yaani mtu anayepokea na kutoa fedha za simu kwa niaba ya kampuni. Mwavuli wa njano ni wa MTN na mwekundu ni wa Airtel, na swali linalowagawa wanaolijadili jambo hili ni hili: wakala huyo yuko huru kweli kukaa chini ya miavuli miwili?

Sauti tatu zinashindana hapa. Ya kwanza ni ya Mtetezi, anayeamini kwamba kampuni kubwa zilistahili ukubwa wao. Ya pili ni ya Mkosoaji, aliyesoma sheria na anayepima kila kampuni kwa namna inavyomtendea aliye dhaifu kuliko yeye. Ya tatu ni ya Wakala, mama mwenye kibanda kando ya barabara ya lami inayotoka Vurra, ikapita Arua na Koboko hadi Oraba, kilomita 92 kwa jumla. Sauti hizi ni misimamo iliyopewa vinywa. Hakuna mtu mahususi nyuma yake.

Mtetezi anaanza na historia, na ana haki ya kuanzia hapo. MTN ilipozindua huduma ya fedha za simu nchini Uganda mwezi Machi mwaka 2009, matawi ya benki katika eneo hili yalikuwa ya kuhesabika, na mzazi wa Koboko aliyetaka kumpelekea fedha mwanawe anayesoma Kampala alimkabidhi kondakta wa basi bahasha, akabaki akimwomba Mungu ifike. West Nile yenyewe haikuunganishwa na gridi ya taifa hadi miaka ya 2020, na kituo cha umeme wa maji cha Nyagak, chenye uwezo wa megawati 3.5 tu, kilianza kazi mwaka 2012. Kusimika mnara wa simu katika mazingira hayo kulimaanisha kununua jenereta, kusafirisha dizeli na kulipa walinzi usiku na mchana. “Mama,” Mtetezi anamgeukia Wakala kwa heshima, “aliyelima shamba hili likiwa bado pori, je, si haki yake kuvuna kwanza?”

Anaongeza hoja ya kinadharia ambayo haifai kupuuzwa. Huduma ya fedha za simu ina kile kinachoitwa athari ya mtandao, maana yake ni kwamba manufaa yake kwa kila mtumiaji huongezeka kadiri watumiaji wengine wanavyojiunga: laini inayoweza kutuma fedha kwa watu kumi ina thamani ndogo, ile inayoweza kutuma kwa milioni kumi ina thamani kubwa, hata kama mitambo ni ile ile. Kwa hiyo, asema Mtetezi, soko la aina hii huelekea lenyewe kwenye kampuni moja au mbili, bila ya hila ya mtu yeyote, na kumlaumu mshindi ni sawa na kuulaumu mto kwa kufuata bonde.

Mkosoaji hakatai bonde. Anachokataa ni ukuta uliojengwa mtoni, na ushahidi wake umo katika kumbukumbu za mahakama. Mwaka 2013 kampuni ndogo ya EzeeMoney, iliyotoa huduma za fedha za kielektroniki bila ya kumiliki mtandao wa simu, iliishtaki MTN Uganda katika kitengo cha biashara cha Mahakama Kuu mjini Kampala. Malalamiko yake yalikuwa mawili kwa msingi. La kwanza lilihusu mawakala, ambao walishinikizwa wasifanye kazi na EzeeMoney. La pili lilihusu njia za mawasiliano, pamoja na zile namba fupi zinazoanza kwa nyota na kuishia na reli, ambazo hufungua menyu ya huduma hata kwenye simu ndogo ya tochi isiyo na intaneti. Namba hizo hupita katika mitambo ya kampuni za simu zenyewe, hivyo kwamba anayetaka kushindana na kampuni hiyo hana budi kubisha hodi mlangoni kwake. Mwezi Novemba mwaka 2015 mahakama iliona kwamba MTN ilikiuka kifungu cha 53 cha Sheria ya Mawasiliano ya Uganda ya mwaka 2013, kinachokataza matendo ya kuzuia au kupotosha ushindani kwa njia isiyo ya haki, na ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 2.3.

Kesi hii ni muhimu kuliko kiasi cha fidia yake. Inaonyesha kwamba yale yanayoitwa ushindi wa kawaida wa soko yalihitaji, angalau katika tukio hili, mkono wa kuyasukuma. Kama mto ungefuata bonde wenyewe, hakungekuwa na sababu ya kumtisha mwenye kibanda.

Mtetezi anajibu kwamba hayo yamepita. Anakumbusha kwamba Benki Kuu ya Uganda ilitoa mwongozo wa fedha za simu mwaka 2013 ambao haukuruhusu kumfunga wakala kwa kampuni moja. Kwamba nchini Kenya Safaricom iliondoa sharti kama hilo kwa mawakala wa M-Pesa mwezi Julai mwaka 2014, baada ya malalamiko ya Airtel mbele ya mamlaka ya ushindani. Na kwamba leo mtu akitembea mitaa ya Arua huona njano na nyekundu zimepakwa kwenye ukuta mmoja. “Sasa ndugu,” amwambia Mkosoaji, “mlango umefunguliwa. Kilio cha nini tena?”

Hapa Wakala anaingia, na mjadala unabadilika, kwa sababu yeye anazungumza juu ya droo.

Wakala, aeleza, huwa na mifuko miwili. Mmoja ni wa noti, zilizomo kwenye droo ya kibanda. Wa pili ni wa floti, yaani fedha za kielektroniki alizonunua kwa mtaji wake mwenyewe na ambazo zimo ndani ya laini yake. Mteja anapotoa 200,000, noti za wakala hupungua na floti yake huongezeka. Mteja anapoweka, mambo hugeuka. Biashara nzima ni kuzuia mfuko mmoja usikauke. Siku ya soko Koboko, wafanyabiashara waliopokea malipo kwa simu hutaka noti mkononi kabla ya kuvuka kwenda Kongo au kurudi Kaya, upande wa Sudan Kusini, na ifikapo saa sita mchana droo imebaki na noti za 1,000 zilizochakaa huku floti ikiwa imejaa. Wakala hufunga kibanda, hupanda boda boda kwenda benki, hupanga foleni, na wateja waliomkuta amefunga huenda kwa jirani na huenda wasirudi. Katika yote hayo, mtaji ni wa wakala, hatari ya noti bandia ni ya wakala, hatari ya mwizi wa jioni ni ya wakala, na kamisheni hupangwa na kampuni.

“Sasa mwenye mtaji wa milioni moja,” auliza Wakala, “ataugawa vipi?” Akitaka kuhudumia kampuni mbili lazima aukate mara tatu: floti ya njano, floti ya nyekundu, na noti. Kila kipande kinakuwa kidogo kiasi kwamba mteja mmoja mkubwa anatosha kukikausha. Mwenye akili ya biashara ataweka sehemu kubwa kwenye laini yenye wateja wengi zaidi, na wateja nao watazidi kuifuata laini ambayo wakala wake hakosi floti. Hakuna mkataba unaomkataza mwavuli wa pili. Mtaji mdogo unafanya kazi hiyo bila ya karatasi.

Maelezo hayo yanastahili kukaa katikati ya mjadala huu wote, kwa kuwa yanafichua upungufu wa namna ambavyo sheria imezoea kulitazama jambo. Sheria ilikataza kufuli ikadhani mlango umefunguka. Uhuru wa kuondoka, hata hivyo, hupimwa kwa gharama ya kuondoka, na gharama hiyo kwa mwenye mtaji wa milioni moja Koboko ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye kitabu cha sheria kilichofunguliwa Kampala.

Mkosoaji anaongeza hesabu ya washindani. Warid iliunganishwa na Airtel mwaka 2013. Orange Uganda iliuzwa kwa Africell mwaka 2014, na Africell ikafunga shughuli zake nchini mwezi Oktoba mwaka 2021. Uganda Telecom, iliyokuwa ya umma, iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2017 na haijarudi kuwa tishio kwa wakubwa. Yaliyobaki ni mashindano ya wawili, hali ambayo wachumi huitofautisha na ukiritimba wa mmoja, lakini ambamo kila mmoja anaweza kumtazama mwenzake akipanga bei na kuamua kutoisumbua. Ni kweli kwamba MTN iliingia kwenye soko la hisa la Uganda mwezi Desemba mwaka 2021 na Airtel ikafuata mwezi Novemba mwaka 2023, na Mtetezi analitaja hilo kama ushahidi kwamba wananchi sasa ni wamiliki. Ila mwenye kibanda anayesafirisha floti kwa boda boda hana akiba ya kununulia hisa, na umiliki wa hisa chache haumpi mtu sauti katika upangaji wa kamisheni.

Kuhusu bei, pande mbili zinatazama jedwali moja na kuliona tofauti. Katika jedwali lililobandikwa vibandani kwa miaka kadhaa baada ya 2018, kutoa shilingi 5,000 kulitozwa 440, na kutoa 500,000 kulitozwa 7,000. Juu yake kuna kodi ya serikali ya asilimia 0.5 kwa kila fedha inayotolewa, iliyobaki baada ya kodi ya asilimia 1 ya Julai mwaka 2018 kupunguzwa kutokana na kilio cha wananchi. Maana yake ni kwamba aliyetumiwa 5,000 ya unga wa muhogo alibaki bila ya 465, sawa na asilimia 9.3, na aliyetumiwa nusu milioni alikatwa 9,500, yaani asilimia 1.9. Mtetezi anasema kwamba kila muamala una gharama isiyopungua, mkubwa uwe au mdogo, na kwamba kamisheni ya mama huyu hutoka humo humo. Mkosoaji anakubali sehemu ya hoja hiyo, kisha anauliza kwa nini gharama za mitambo zinazodaiwa kushuka kadiri watumiaji wanavyoongezeka hazikumfikia mwenye 5,000. Serikali nayo haiwezi kujitoa katika swali hilo, kwani imeigeuza huduma ya lazima kuwa mahali pepesi pa kukusanya kodi.

Mbinu za mauzo ni sura ya pili ya nguvu hiyo hiyo. Mauzo ya shinikizo ni yale yanayomfikia mnunuzi wakati ambao hana nafasi ya kufikiri, au yanayofanya kukubali kuwe kwepesi na kukataa kuwe kugumu. Salio linapokaribia sifuri, ujumbe hufika wenyewe ukitoa mkopo wa muda wa maongezi, na ada ya huduma hukatwa papo hapo. Mkopo wa fedha uitwao MoKash, ulioanzishwa na MTN pamoja na Benki ya Biashara ya Afrika mwaka 2016, ulikuwa na ada ya asilimia 9 kwa siku 30. Kwa kuwa iliitwa ada na si riba, wengi hawakuihesabu kwa mwaka. Vifurushi vingi vya intaneti huisha muda wake hata kama mteja hakuvimaliza. Ujumbe wa bahati nasibu, wa miito ya muziki na wa ofa za leo tu hufika mfululizo, na masharti yake kamili kwa kawaida yameandikwa kwa Kiingereza, katika miji ambayo sokoni husikika Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kilingala na Kiswahili.

“Hakuna anayemshika mtu mkono abonyeze moja,” asema Mtetezi. Anaona kwamba mkopo mdogo unaopatikana usiku mtoto anapougua ni rehema, na anayeutukana hajawahi kuwa na mtoto mgonjwa Koboko usiku. Wakala mwenyewe anamuunga mkono hapo, akisema kwamba amewaona wateja waliookolewa na mkopo huo. Halafu anaendelea na sentensi yake: amewaona pia ambao kila kinachoingia kwenye laini yao hukatwa deni kabla hawajakitazama, na ambao hununua laini mpya ya mtandao mwingine si kwa kuupenda, bali kwa kulikimbia deni la kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inampa kila mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumiwe kumtangazia biashara. Haki hiyo ni nzuri, na ingefaa itangazwe kwa wingi ule ule wa ofa za leo tu.

Simu yenyewe nayo huuzwa na vifungo vya namna hiyo. Simu janja nyingi zinazouzwa Arua zinatumia mfumo wa Android na huja na programu za Google zikiwa tayari ndani yake. Desturi hiyo ya kuzifunga programu pamoja na mfumo ndiyo iliyoifanya Tume ya Ulaya kuitoza Google faini ya yuro bilioni 4.34 mwezi Julai mwaka 2018. Kwa anayenunua kwa malipo ya kila siku kuna kufuli jingine: asipolipa, simu hufungwa kutoka mbali hadi alipe, na jumla anayolipa huzidi bei ya taslimu. Ulaya ilikuwa na chombo chenye ubavu wa kuhoji. Mnunuzi wa Arua ana namba ya huduma kwa wateja.

Mpaka unaongeza ugumu ambao mijadala ya Kampala huusahau. Mawasiliano hapa hayakuwahi kuheshimu ramani kikamilifu. Kabla ya Sudan Kusini kupata uhuru mwaka 2011, mtandao wa Gemtel uliohudumia kusini mwa Sudan ulitumia msimbo wa Uganda, 256. Makubaliano ya eneo moja la mtandao yaliyoanza mwishoni mwa mwaka 2014 yalipunguza bei za kupiga simu kati ya Kenya, Rwanda, Uganda na Sudan Kusini, na Kongo ikabaki nje, ingawa kwa mfanyabiashara wa Koboko Kongo ni karibu kuliko Arua. Wakimbizi nao, katika makazi ya Lobule, Rhino Camp, Imvepi na Bidi Bidi, walikabiliwa na masharti ya usajili wa laini yaliyotaka vitambulisho ambavyo wengi hawakuwa navyo, hadi mwaka 2019 mdhibiti wa mawasiliano aliporuhusu barua za utambulisho zinazotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Msaada wa fedha ukipitia laini, asiye na laini hupokea kwa jina la mwingine. Mtetezi analiona hili kuwa kosa la kanuni na si la kampuni, na kwa kiasi kikubwa yuko sahihi.

Je, lipo la kufanya? Mtetezi anaonya kwamba bei zikipangwa na serikali, mnara wa kwanza kuzimwa utakuwa ule wenye faida ndogo, na minara ya namna hiyo iko vijijini huku. Onyo hilo ni la haki. Mkosoaji hadai bei zipangwe. Anadai kuwe na mlango wa kutokea. Tanzania, anakumbusha, iliunganisha fedha za mitandao tofauti kuanzia mwaka 2014, Vodacom ikajiunga mwaka 2016, na hakuna kampuni iliyokufa kwa sababu hiyo. Karibu zaidi kuna mfano unaomhusu Wakala moja kwa moja: benki za Uganda, baada ya sheria kubadilishwa mwaka 2016 kuruhusu mawakala wa benki, ziliunda mfumo wa pamoja uitwao Agent Banking Company, ambamo wakala mmoja huwahudumia wateja wa benki nyingi. Kilichofanywa na benki kinaweza kudaiwa kwa kampuni za simu, ili mtaji wa milioni moja uwe floti moja inayomhudumia mteja wa njano na wa nyekundu kwenye kibanda kimoja. Kati ya mapendekezo yote yanayotolewa juu ya soko hili, hili ndilo lingempunguzia Wakala safari ya saa sita mchana.

Mtetezi anasema kwamba sheria ipo tayari. Bunge lilipitisha Sheria ya Ushindani ya mwaka 2023, ikaanza kutumika mwaka 2024, inayokataza matumizi mabaya ya nafasi ya utawala sokoni, na utekelezaji wake umewekwa chini ya wizara ya biashara badala ya chombo huru. “Mama,” asema kwa upole, “mwenye malalamiko na ayapeleke.”

Wakala anauliza mambo matatu. Anauliza malalamiko hayo yataandikwa kwa lugha gani, na Mtetezi anajibu kwamba baraza la mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi mwezi Julai mwaka 2022, ingawa hana hakika kama karani atayapokea. Anauliza ofisi iko wapi, na Mkosoaji anamtajia Kampala, usiku mzima wa basi na siku mbili za kibanda kilichofungwa. Kisha anauliza, kwa kuwa laini ya wakala ni mali ya kampuni na kampuni ndiyo inayoweza kuizima, katika miezi ambayo malalamiko yatakuwa yakisikilizwa kibanda kitafanya kazi kwa laini ya nani. EzeeMoney, iliyokuwa na mawakili, ilisubiri hukumu kwa miaka miwili na zaidi. Mtetezi na Mkosoaji wanatazamana, na mteja aliyekuwa akisubiri pembeni anaingiza simu yake dirishani, anataka kutoa 5,000.